Tupeane uzoefu: ukienda kutest gari ndogo kama Mark X, Premio au Teana unaangalia nini?

Mwana Isevya: Wakuu habari za wikendi. Niko Tabora natafuta gari ndogo ya familia, jana nimeendesha Mark X ile ya kwanza, injini ya lita 2.5, namba D, naanza mimi halafu na nyie mshushe zenu. Muuzaji alitaka tuzunguke lami ya mjini tu, toka stesheni mpaka Boma turudi, nikamwambia hapana kaka, hii gari itakuwa inalala Isevya kwenye mchanga na kila mwezi inaenda Kaliua na watoto, lami ya dakika tano itanionyesha nini? Akakubali tukashika njia ya Urambo. Kwa lami ile gari ni tamu jamani, V6 yenye farasi zaidi ya 200, ukikanyaga kuovateki fuso gia zinashuka bila kukurusha, vioo vikifungwa upepo huusikii, mnaongea sauti ya chini kabisa. Usukani ukiwa kasi unatulia, hauhangaiki hangaiki.

Kurudi mtaani ndo nikapata nilichokuwa nakitafuta. Hii gari inasukumwa na tairi za nyuma, mchangani zikaanza kuzunguka bure, nikabonyeza kile kitufe cha SNOW karibu na gia, nguvu ya injini ikapungua, gari ikatoka taratibu bila kuchimba. Kimewekwa kwa ajili ya theluji ya Japani ila mchangani kinasaidia sana, mwenye gari alikuwa hajawahi hata kukigusa! Halafu kwenye tuta moja refu tukiwa wawili tulipita safi, tukapakia ndugu zake wawili nyuma tukarudi tuta lile lile, uvungu ukasugua kraaa mpaka mwenye gari akakunja uso. Ndo maana nasema test uipakie watu utakaokuwa unawabeba kweli.

Mdau wa Mwanga: Mkuu umesema kweli tupu. Sisi Kigoma kipimo chetu ni mlima, unaanza kule chini stesheni unapanda Lumumba mpaka Mwanga, AC imewashwa, watu wanne ndani. Nilitest Premio mbili, zote 1.5. Ile ya zamani ya kabla ya 2007 ina gia nne za kawaida, inapanda kwa kelele lakini unasikia kila gia ikiingia, unajua inafanya nini. Ya pili ni toleo lililoanza 2007, hiyo ni CVT, haibadili gia kama zile nyingine, inatakiwa ipande laini mwanzo mwisho. Niliyopewa ikitaka kuondoka kwenye mwinuko inatetemeka, injini inalia juu na spidi haiongezeki, nikauliza oil ya gia boksi imebadilishwa lini na imewekwa ipi, jamaa akaanza kunisifia rimu. Nikamrudishia funguo hapo hapo. CVT ina oil yake, ukiimwagia ATF, ile oil ya gia boksi za kawaida, unaiua, na gia boksi ikifa huku mpaka upate nyingine uagize Dar.

Mama Wawili Kasulu: Naomba kina kaka mnisikilize, nyie mkitest wote mnakimbilia usukani. Mimi nilimpa mume wangu aendeshe nikakaa nyuma na mama mkwe, maana yeye ndo tunampeleka Maweni kliniki ya mgongo, safari nzima anakaa kule. Mark X mbele ni raha, ila nyuma pale katikati kuna mgongo mrefu unaopitisha propela shafti, wa katikati anakosa pa kuweka miguu, na mama alilalamika kiti kiko chini sana kutoka ni shida. Tukajaribu Teana, hiyo inavutwa mbele kwa hiyo sakafu ya nyuma karibu iko flati, magoti yana nafasi, viti kama sofa, mama alisinzia kabla hatujafika Kidahwe. Haina mbio za kutisha na kwenye kona inalala kidogo, lakini kwa mgonjwa niambieni mbio za nini?

Fundi Gungu: Dada hapo umenena. Na mimi niongeze, mwambieni muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika, mshike boneti ikiwa ya baridi. Akishaipasha moto magonjwa mengi yanajificha. Moshi wa bluu ikiwaka tu, injini inakula oil. Hizo Mark X 2.5 na Crown 2.5 injini yake ni 4GR, inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, masizi yanagandia pale, sasa ikae sailensa, yaani iungurume imesimama bila kukanyaga mafuta, dakika kadhaa, weka kiganja kwenye dashibodi, ikiwa inatikisika tikisika peleka kwenye mashine ya kupimia magari kwanza msome ina tatizo gani. Barabara ikiwa tupu piga breki toka 80, usukani ukitetemeka tazama diski. Na radio ZIMENI, wauzaji wanapenda kuwasha mziki mkubwa, hapo husikii bushi wala bearingi inayolia.

Mwana Isevya: Fundi asante sana, radio kweli ilikuwa imewashwa njia nzima! Jumatatu narudi asubuhi mapema kabla hajaipasha, na wife atakaa nyuma na watoto wote watatu. Nimeshampigia muuzaji nimemwambia hivyo, kasema nije tu. Walioko Nzega na Sikonge mbona kimya, leteni zenu, hasa mwenye Crown anayepita vumbi kila siku, nataka kujua shokapu zinadumuje.