Unakata tiketi ya Evdilos, unashushwa Agios Kirykos usiku wa manane: abiria wa Ikaria tunadharauliwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kama uko Ulaya na unapanga kwenda visiwa vya Ugiriki kiangazi hiki, hasa Ikaria, soma huu uzi kabla hujalipa hata senti moja.

Ikaria ina bandari mbili. Evdilos iko kaskazini, Agios Kirykos iko kusini, na katikati yake umekaa mgongo wa milima ya Atheras wenye vilele vinavyopita mita 1,000. Barabara inayoziunganisha ni kona juu ya kona, karibu kilomita 40, na hata mchana dereva mzoefu anahitaji kama saa nzima. Sasa unapotafuta tiketi mtandaoni unaandika "Ikaria", unaletewa bei na saa, unalipa. Jina la bandari lipo, ndiyo, limebanwa pembeni. Ila hakuna mahali nilipoambiwa kwamba bandari niliyoilipia inaweza kubadilishwa tukiwa baharini kwa sababu ya upepo.

Na msiniambie upepo ni bahati mbaya. Meltemi huvuma kutoka kaskazini kila kiangazi, na Julai na Agosti ndiyo miezi yake. Evdilos imeupa uso upepo huo. Kila mwenye mgahawa pale bandarini analijua hilo, sembuse kampuni inayopeleka meli miaka nenda rudi. Kwa hiyo nahodha simlaumu. Kakataa kuisogeza meli kwenye gati lenye mawimbi, kafanya kazi yake, namshukuru. Ninaowalaumu ni wale waliokaa ofisini wakijua kwamba siku kama ile meli huishia kusini, wakachukua pesa zetu na wasiandae chochote.

Tulitoka Piraeus, bandari ya Athens, tumechelewa. Safari yenyewe ni ndefu, meli inapita Syros na Mykonos kwanza, na watu walishalala kwenye viti. Tangazo la kubadili bandari likasomwa kwa Kigiriki, kisha kwa Kiingereza cha harakaharaka kilichomezwa na muungurumo wa injini. Binti mmoja Mgiriki aliyekaa jirani nasi ndiye aliyetufafanulia. Nilikuwa na bi mkubwa wangu, magoti yanamsumbua, na msaada wake niliuomba mapema kwa maandishi kama wanavyotaka wenyewe, saa 48 kabla. Watu wa kumsaidia waliandaliwa Evdilos. Agios Kirykos hakukuwa na mtu. Akateremka ule mlango wa nyuma wa meli pamoja na malori na pikipiki, ameshika mkono wangu, anauliza, "Mwanangu, ndiyo hapa?" Nikakosa jibu.

Pale gatini hakukuwa na basi wala mfanyakazi wa kampuni. Mabasi ya umma Ikaria ni machache mno, usiku ndiyo usiyatarajie kabisa. Teksi zilizokuwepo zilijaa kabla wazee hawajamaliza kushuka, na dereva aliyebaki akataka alipwe kwa kichwa, siyo kwa gari. Mimi nilimlipa, nina mgonjwa. Kulikuwa na familia yenye watoto wadogo iliyobaki imekalia mabegi. Kwa wanaoijua Pemba: ni kama ukate tiketi ya Wete, ushushwe Mkoani usiku, halafu meli iondoe kamba na kukuacha.

Gari nililokodi nalo lilikuwa likinisubiri Evdilos. Asubuhi nafika, mwenye ofisi ananikata siku nzima eti sikutokea kwa wakati. Namuonyesha tiketi, namuonyesha taarifa ya meli, anasema mambo ya meli hayamhusu. Huyu anaishi kwenye kisiwa hichohicho! Halafu ile bima aliyoniuzia kama "kamili" haigusi matairi, haigusi uvungu wa gari, na haikulindi ukiingia barabara ya vumbi. Nje ya barabara kuu za Ikaria vumbi na mawe vipo tele, hasa kuelekea fukwe na vijiji vya juu. Anajua anachouza.

Sasa tuje kwenye haki, maana hapa ndipo wanapotuona wajinga. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 1177/2010 ya abiria wa baharini. Meli ikichelewa kuondoka, lazima uarifiwe ndani ya dakika 30 baada ya saa iliyopangwa. Ikionekana itachelewa kuondoka zaidi ya dakika 90, una haki ya kuchagua kati ya kufikishwa unakokwenda kwa njia nyingine bila kuongeza nauli na kurudishiwa pesa zako, na upewe chakula au viburudisho kama vinapatikana. Hali mbaya ya hewa inawaondolea fidia ya kuchelewa na gharama ya hoteli, hilo nalikubali. Ila haiwafungulii mlango wa kukaa kimya. Malalamiko unayapeleka kwa kampuni ndani ya miezi 2, nao wana mwezi mmoja wa kukujulisha yamefikia wapi na miezi 2 ya kukupa jibu la mwisho.

Mimi nimeshapeleka. Jibu la kwanza lilikuwa barua ya kunakili, "hali ya hewa", basi. Hakuna neno juu ya msaada wa mama niliouomba, hakuna neno juu ya teksi. Nimewaandikia tena nikiwatajia kanuni na tarehe, na nimewaambia ninachodai: nauli ya teksi yote, maelezo ya kwa nini msaada haukuhamishiwa kusini wakati meli ilikuwa na saa kadhaa za kupiga simu, na onyo la bandari mbili liwekwe mbele ya mnunuzi kabla hajalipa.

Mnaokwenda, wekeni nafasi ya gari kwa mtu atakayekubali kwa maandishi kuwapokea bandari yoyote kati ya hizo mbili. Akikataa, tafuteni mwingine.

Na aliyewahi kuzidai hizi kampuni za meli za Ugiriki akalipwa, naomba aje hapa aseme alipitia mamlaka gani baada ya kampuni kumkatalia. Risiti ya teksi ninayo, barua pepe zote ninazo, na muda wao wa kujibu unahesabika.