Eti "kahamie mwezini"! Na kweli nahama

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jirani mnayemjua, yule wa spika, leo kanimaliza. Saa kumi na moja alfajiri besi inagonga ukuta mpaka maji ya kwenye glasi yangu yanachora duara. Nikatoka, nikabisha hodi kistaarabu. Kaja na mswaki mdomoni, povu linamdondokea kwenye kidole gumba cha mguu, akanitazama juu mpaka chini: "Ukitaka kimya kahamie mwezini." Akafunga mlango. AKAONGEZA SAUTI.

Kahamie mwezini! Mimi! Na mswaki mdomoni!

Sasa nahama, na mwenye akili zake anifuate. Kule hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haina pa kupita. Mtu apige ngoma hadi ngozi ipasuke, jirani yake amelala kama mtoto aliyeshiba. Halafu usiku mmoja wa kule ni kama siku 14 za huku. Kumi na nne, giza tupu! Mimi sijalala saa nne mfululizo tangu huyu kiumbe anunue lile lispika kubwa kama jeneza.

Uzito nao unabaki sehemu moja ya sita. Godoro langu nitalibeba kwa kidole. Maji yapo, barafu imejificha kwenye mashimo ya ncha ya kusini yasiyofikiwa na jua. Kiwanja hakigombewi, mkataba wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi. Na tangu mwanaanga Eugene Cernan aondoke Desemba 1972 hakuna aliyekanyaga pale. Zaidi ya miaka 50 hakuna aliyewasha spika!

Nitajenga upande wa nyuma, ule usioonekana kutoka huku. Michael Collins, yule mwanaanga wa Apollo 11 aliyebaki peke yake chomboni wenzake waliposhuka Mwezini mwaka 1969, kila alipopita nyuma ya Mwezi, alikatika mawasiliano na Dunia nzima kwa zaidi ya nusu saa. Hakuna wa kumwambia neno! Huyo bwana sijui alirudi kufuata nini.

Lile povu bado naliona, jamani. Hata kulifuta hakulifuta.

Mpiga Kasia: Mkuu, mtu wa mlango wa pili kakushinda, ndiyo unakimbia kilomita 384,400? Mchana wa kule unapita nyuzi 100, chai itachemka yenyewe.

Dada wa Jioni: Vumbi je? Harrison Schmitt alitembea kule 1972, aliporudi ndani ya chombo pua ikamvimba kama mwenye mafua.

Mleta mada: Heri vumbi. Vumbi halijawahi kuniambia nikahamie popote.

Fundi Saa: Hewa hakuna, ila ardhi ipo. Novemba 1969 wale wanaanga wa Apollo 12 walikibamiza chombo chao kitupu pale Mwezini, mashine za kupima mitetemo zikaonyesha Mwezi ukitetemeka karibu saa nzima. Jamaa akilaza spika lake chini, besi utaipata kwa nyayo.

Mleta mada: Haji! Nani kasema anakuja kule?

Fundi Saa: Si ndiye aliyekupa wazo?

Mama Pacha: Afadhali wako anapiga muziki. Wangu anajifunza tarumbeta. Mwaka wa tatu huu, wimbo mmoja, na anakosea palepale.

Kobe Mwendo: Tarumbeta kitu gani? Mimi nina shemeji aliyekuja kwa siku mbili, sasa ana funguo zake. Huyo ndiye wa kurushwa mwezini.

Mpiga Kasia: Shemeji ana FUNGUO? Mkuu fungua uzi wake, huu umejaa povu.

Kobe Mwendo: Na rimoti haachii hata akienda chooni. Anaenda nayo.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Kaniambia hivyo MSWAKI UKIWA MDOMONI.

Dada wa Jioni: Kobe, anaenda na rimoti chooni kufanya nini?

Mama Pacha: Ngoja kwanza. Kobe, hizo funguo alizichongesha lini?