Dawa ya sonona: kwa nini tusipige picha ya ubongo tuone kama inafanya kazi?

Mchokozi: Wakuu, kisukari kina kipimo, presha ina kipimo. Sonona unaulizwa tu "unajisikiaje?" Shangazi yangu kabadilishiwa dawa mara tatu, kila moja asubiri wiki kadhaa. Si apigwe MRI kabla na baada, tujue kama dawa imemkubali?

Fundi Picha: MRI ya kawaida inaonyesha uvimbe au damu iliyovuja, huzuni haionyeshi. Ile ya kuangalia ubongo ukifanya kazi inafuatilia oksijeni kwenye damu, halafu yanafuata mahesabu. Mwaka 2009 Wamarekani walionyesha matokeo ya samaki mfu, salmoni, waliyemweka kwenye mashine na kumwonyesha picha za watu. Bila kusahihisha mahesabu, ubongo wake "ukawaka". 2012 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kisha zikafikirisha. Haya, pelekeni wagonjwa wenu.

Bi Rehema wa Pongwe: "Wagonjwa wenu"? Kwa hiyo mdogo wangu ni samaki mfu? Miaka miwili hainuki kitandani, mpaka mswaki namtilia dawa mimi. Cheka tu.

Fundi Picha: Dada, samaki ni wa takwimu. Sikumgusa mdogo wako.

Mzee wa Kahawa: Kwetu mtu wa hivyo anafukizwa, anaamka.

Bi Rehema wa Pongwe: Mfukizaji alikula mbuzi wetu wawili, mzee wangu. Usinianze.

Mzee wa Kahawa: Mbuzi wa rangi gani?

Mchokozi: Jamani, mbuzi tena? 2013 watafiti kina Helen Mayberg, Marekani, walitumia PET, picha inayoonyesha ubongo unavyotumia sukari. Sehemu ya ubongo iitwayo insula ikiwa imepoa, tiba ya mazungumzo ilisaidia zaidi, ikichangamka, kidonge. Mnasemaje?

Fundi Picha: Hiyo ni kuchagua tiba kabla hujaanza. Wewe uliuliza kama dawa imekubali, usihamishe goli. Tena ni wastani wa kundi, si shangazi yako. Na PET inataka sukari yenye mionzi inayopungua nusu kila dakika 110 hivi. Foleni tu imeshakumalizia. Yale maswali tisa ya PHQ-9, fomu ya kupima sonona, yapo kwa Kiswahili, karatasi moja. Yanatosha.

Bi Rehema wa Pongwe: Yanatosha! Mdogo wangu kayajibu yote "hapana, sijambo", na machozi yanadondokea karatasi.

Fundi Picha: Aliulizwa peke yake?

Bi Rehema wa Pongwe: Mama mkwe alikuwa kiti cha pili.

Mzee wa Kahawa: Bado sijajibiwa rangi ya mbuzi.