Ving'ora vya nyumba kuu ya Mkomani, Lamu

*Swaleh:* Asalaam aleikum jamaa. Mzigo wa Fatma umefika. Ving'ora vya moshi vinne, cha joto kimoja. Nivifunge wapi?

*Ami Athman:* Waaleikum salaam. Jikoni vyote. Kwani moto huanzia wapi?

*Fatma, Glasgow:* Sabalkheri Ami. Cha moshi jikoni hapana! Samaki wakikaangwa tu kitalia, na siku ya tatu mtakishusha. Jikoni ni kile cha joto. Hicho moshi hakijali, hungoja joto lifike kama nyuzi 58.

*Mwanaisha:* Jikoni gani? Meko ya juu yako chini ya makuti, pande mbili wazi. Kusi ikivuma joto litakaa?

*Fatma:* Halikai, usikipoteze huko. Kipeleke jiko la chini, la mtungi wa gesi. Na chini ya makuti makaa yasiachwe peke yake, hapo king'ora hakisaidii.

*Ami Athman:* Haya, na hivi vinne?

*Fatma:* Kimoja juu mwisho wa ngazi, maana moshi hupandia hapo hapo. Kimoja tekani, pale pa kuingilia. Viwili vyumba vya kulala, kwa Bibi na kwa watoto.

*Swaleh:* Kwa Bibi juu ni boriti tupu. Nikitie katikati ya boriti mbili?

*Fatma:* Funga chini ya boriti yenyewe. Acha sentimita 30 kutoka ukutani, na kama mita moja kutoka ncha za pangaboi, lisije likaupeperusha moshi kabla haujafika. Dirishani pia usikaribie.

*Mwanaisha:* Bibi yuasema, nanukuu: "Na chetezo changu? Alhamisi nikifukiza udi kitapiga kelele mpaka Shela wasikie."

*Swaleh:* 😂😂

*Fatma:* Bibi, fukiza kiwandani, hapo uani. Kikilia, Mwanaisha abonyeze kitufe kinyamaze kidogo. Kukivika mfuko wa plastiki hapana, namjua mtu.

*Ami Athman:* Huko kwenu mwalazimishwa?

*Fatma:* Uskoti ni sheria tangu Februari 2022. Cha moshi sebuleni, kila ukumbi na kila mwisho wa ngazi, cha joto jikoni, na vyote vimeunganishwa. Hivi vyenu pia vimeunganishwa, havitaki waya. Jiko la chini likishika, cha kwa Bibi nacho chalia.

*Ami Athman:* Hapo umenena. Gari la zimamoto halipiti vichochoroni humu, bora tuamke mapema.

*Mwanaisha:* Betri je?

*Fatma:* Imo ndani, haibadilishwi. Bonyezeni kitufe cha kujaribia kila mwezi. Nyuma pana tarehe, ikitimia miaka 10 chatupwa king'ora kizima. Na Swaleh, mkipaka chokaa usikipake na chenyewe!

*Swaleh:* Sawa. Naja na dirili baada ya Alasiri. Nani ana ngazi ndefu? Tekani ni juu mno.

*Ami Athman:* Yangu ipo ila haina kipago cha tatu. Kaazime kwa jirani.

*Mwanaisha:* Jirani ndiye aliyeivunja hiyo yako.