Tupeane uzoefu: tabia uliyozaliwa nayo na kazi uliyojikuta nayo

Kimyakimya (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa mwisho kapata matokeo ya kidato cha nne na hapa nyumbani hakulaliki. Mzee anataka kidato cha tano asome PCB (fizikia, kemia na biolojia), dogo anataka HGL (historia, jiografia na Kiingereza), mama kakaa katikati anaomba Mungu. Nikiwa sebuleni nasikiliza ule ubishi nikajiona mimi mwenyewe, mwaka 2009.

Mimi nimezaliwa mkimya. Bibi alikuwa akisimulia kwamba hata nikiwa mchanga, mgeni akiingia nauficha uso kwenye khanga yake mpaka aondoke. Shuleni nikawa naandika insha nzuri, basi ukoo mzima ukaamua: huyu wakili. Nikasoma sheria miaka minne, nikaenda shule ya sheria kwa vitendo, nikaapishwa. Picha za siku ile ziko ukutani mpaka leo.

Mara ya kwanza kusimama peke yangu mbele ya hakimu ilikuwa shauri la mirathi, mahakama ya wilaya. Nilikesha hadi saa nane usiku. Faili nilikuwa nimelipanga kwa vipande vya karatasi za rangi. Hakimu akauliza swali moja tu: "Wakili, maombi yako yamesimamia kifungu gani?" Kifungu nakijua, na kipo kwenye karatasi ya njano mbele ya macho yangu, lakini mdomo umegoma. Nilisikia feni ya darini inavyozunguka. Mteja wangu, mama mtu mzima, akanivuta mkono wa koti taratibu, akaninong'oneza: "Mwanangu, we sema tu." Sikuweza. Shauri likaahirishwa, na yule mama alikuwa kapanda basi mbili kuja pale.

Leo bado ni wakili, ila sijasimama mahakamani tangu 2018. Kazi yangu ni mikataba na hati za ardhi. Nikipewa mkataba wa kurasa 60 najifungia, na juzi nimekuta kiwanja cha mita za mraba 600 kimeandikwa hekta 600, watu wanne walishaupitia na kutia sahihi zao. Siku kama hiyo narudi nyumbani nimefurahi kweli.

Nawaomba tupeane uzoefu. Umezaliwaje, kazi ilikutaka uweje, na ulifanya nini?

Bint Pangani
Hapo kwenye "we sema tu" machozi yamenilengalenga. Mungu amlipe huyo mama.

Mkuu wa Kaya
Mkuu, huo unaouita ukimya ni woga, na woga unatibika. Samaki mkunje angali mbichi. Dogo wetu alikuwa hivyohivyo, akapelekwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), akarudi mwanaume. Mzee wako yuko sahihi, PCB iende.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mkuu wa Kaya, hiyo JKT nimepita kwa mujibu wa sheria baada ya form six. Mchakamchaka alfajiri, nyimbo mpaka sauti inakauka, kulenga shabaha. Nilirudi nyumbani mkimya vilevile, ila na pumzi ya kutosha. Mtu anaongezewa ujasiri, habadilishwi damu.

Wodini ukimya wangu ndio unaonisaidia. Usiku wa manane mgonjwa hahitaji hadithi. Anataka mtu akae pembeni ya kitanda amsikie anavyopumua. Wenzangu wachangamfu zamu ya usiku inawatesa, mchana wanang'aa. Tunabadilishana zamu na kila mmoja anashukuru.

Mkuu wa Kaya
Sijasema damu inabadilishwa. Nasema usimpe mtoto kisingizio akiwa na miaka 17.

Fundi Ngosha
Nina mapacha, Kulwa na Doto, wamenyonya ziwa moja, wamelala mkeka mmoja. Kulwa ukimtuma sokoni anarudi na chenji na urafiki wa watu watatu. Doto ukimtuma anarudi na betri bovu kaliokota njiani, na usiku redio inaongea. Nani kawafundisha? Mimi nimewalea sawasawa, fimbo sawa, ugali sawa.

Dada wa Mbezi
Semina ya vijana kanisani walitupima kwa yale makundi manne ya tabia, mimi melankoli (mkimya, mtu wa kufikiri sana) na mume wangu sangwini (mchangamfu). Ndiyo maana yeye biashara inamkubali na mimi uhasibu. Mleta mada na wewe ni melankoli, kabisa.

Niliyekuwa Afisa
Huwa nasoma tu, leo mmenigusa mahali.

Mimi nimezaliwa na huruma iliyozidi kipimo. Utotoni kuku wa sikukuu akichinjwa nakimbilia nyuma ya choo na kuziba masikio. Nilipomaliza chuo ajira zikawa ngumu, nikapata uafisa mikopo kwenye taasisi moja ndogo, hizi ambazo mtaani mnaziita kausha damu. Wakinamama wako kwenye vikundi, marejesho kila Jumatano. Asubuhi meneja anawasimamisha maafisa mmoja mmoja, kila mtu ataje hela yake iliyoko nje na ataileta saa ngapi.

Nilikuwa siwezi kubana mtu. Mama akiniambia mtoto kalazwa, namwamini. Nikaanza kulipia wateja mfukoni mwangu, huyu 5,000, yule 10,000. Ikifika tarehe kumi mshahara umekwisha, nashindia mihogo. Meneja akaniambia una mwezi mmoja, ukishindwa kukusanya ondoka.

Nikatumwa kwa mama mmoja fundi cherehani, mjane. Dhamana yake ilikuwa hiyohiyo cherehani. Nilimkuta anashona sketi ya shule ya mtoto wa jirani. Aliponiona na kijana wa mkokoteni alielewa, hakupiga kelele. Akasema, "Baba, niache nimalizie pindo, mwenyewe anaifuata saa kumi." Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akamaliza, akakata uzi kwa meno, akaikunja ile sketi. Halafu akachukua kile kikopo kidogo cha mafuta, akatia tone moja moja kila tundu, akafuta meza ya cherehani kwa khanga aliyovaa. Akaniambia, "Ikikaa stoo bila mafuta inashika kutu."

Niliibeba. Jioni ile nilishindwa kula, na Jumatatu nikaandika barua ya kuacha kazi.

Bint Pangani
Ya Rabi.

Mama Genge
Kwa hiyo ulisubiri amalize pindo, ukamwangalia anaitia mafuta, halafu UKABEBA. Huruma gani hiyo mwanangu? Mimi nimechukuliwa friji na kijana mpole kama wewe, anasema "samahani mama" huku anachomoa waya. Nilikuwa nauza barafu na juisi ya ukwaju, watoto wanasoma. Ningependa aje mkali nimtukane, roho yangu ipoe.

Niliyekuwa Afisa
Mama, sina cha kujitetea. Nilibeba kwa sababu nilikuwa naogopa kufukuzwa. Baada ya miezi minne nilipata vihela nikamfuata, nikaambiwa kahamia kwa dada yake mkoani. Cherehani ilikuwa imeshauzwa.

Mkuu wa Kaya
Tusidanganyane. Dawa ya deni kulipa. Ofisi ikijaa watu wa kulia na wateja, hela ya kumkopesha mama mwingine itatoka wapi? Mimi ningekwenda asubuhi, nikabeba, mchana nikala vizuri.

Fundi Ngosha
Basi Mkuu wa Kaya, ile kazi ilikuwa yako, mwenzio alikalia kiti chako. Si ndiyo mada yenyewe hiyo?

Mama Genge
Huyo naye asije mtaani kwetu.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Afisa, sasa unafanya nini?

Niliyekuwa Afisa
Nina duka la mbegu na pembejeo, Njombe. Mkulima akija nakumbuka shamba lake lipo bondeni, nakumbuka mwaka jana mahindi yake yaliliwa na viwavijeshi, nakumbuka jina la mwanae. Anarudi msimu unaofuata na jirani yake. Moyo ni uleule, sijaubadilisha. Kukopesha tu ndiyo sijaweza mpaka leo, daftari la madeni analishika mke wangu na hana mchezo.

Mwalimu wa Chuo
Nafundisha saikolojia chuo cha ualimu, niruhusuni niweke mambo mawili sawa.

Dada wa Mbezi, yale makundi manne ni ya Wagiriki wa kale. Waliamini tabia inatokana na majimaji manne mwilini: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Melankoli maana yake ni hiyo nyongo nyeusi. Kwenye semina yanachangamsha mazungumzo, ila kazi usichague kwa nyongo.

Lakini kwamba mtoto anakuja na namna yake, hilo limechunguzwa. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alichukua watoto wa miezi minne, akawatingishia vitu vya kuchezea, akawasikilizisha sauti, akawapitishia puani pamba yenye spiriti. Kama mmoja kati ya watano alirusha miguu na kulia. Wengi katika hao walikua watoto wa haya. Sasa sikilizeni upande wa pili: walipokuwa wakubwa, wachache tu ndio waliobaki na haya ya kupindukia. Wengine walijifunza kuishi na mwili wao unaoshtuka haraka.

Na Fundi, tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba tofauti za tabia kati ya watu zinatokana na urithi kwa asilimia 40 hadi 50 hivi. Si kwamba nusu yako wewe ni damu na nusu ni fimbo. Ni tofauti za watu ndizo zinazopimwa. Bibi wa mleta mada alipima bila spiriti, kwa khanga.

Dada wa Mbezi
Mwalimu asante, ila uhasibu siuachi.

Mwalimu wa Chuo
Usiuache, umekukubali. Mtu ajiulize mikono yake itafanya nini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, siku tano za wiki. Jina la kazi linaficha mengi. Uwakili wa mahakamani na uwakili wa mikataba ni siku mbili tofauti kabisa, mleta mada ametuonyesha.

Kijana wa Stendi
Dogo asome PCB, matangazo ya ajira za afya yapo. Furaha ataitafuta wikiendi.

Bint Pangani
Dogo asome HGL. PCB bila moyo ni division four na pesa ya tuisheni imekwenda na maji.

Mama Genge
Mpelekeni VETA akasomee ufundi, wote wawili mnyamaze.

Kimyakimya (mleta mada)
Nimewasoma wote. Niseme nilichokiona leo. Nimemuuliza dogo, si kombi gani, bali siku gani shuleni alirudi bila kusikia njaa. Akanijibu siku walipokwenda kupima udongo shambani na mwalimu wa jiografia, akashika lile bomba la kuchimbia mpaka jua linazama. Mzee alikuwa mlangoni, akasikia. Hakusema kitu. Kavuta kiti, wapo barazani sasa hivi wawili peke yao, na dogo anachora kitu kwenye mchanga kwa kijiti.

Mama kanikataza nisisogee. Nitaleta mrejesho.