Naomba ushauri: kuchuja matokeo ya dodoso bila kufichua waliojibu

Ndugu wanajumuiya, habari za kazi. Ninashughulikia rasilimali watu katika taasisi yenye vituo Kigoma Mjini, Kasulu na Uvinza, na tumewaahidi wafanyakazi kwamba majibu yao hayatajulikana ni ya nani. Nimeficha matokeo ya kundi lolote lenye watu chini ya watano. Hata hivyo, Uvinza ina wanaume wanane na mwanamke mmoja tu, hivyo meneja akilinganisha wastani wa kituo kizima na ule wa wanaume, jibu la dada huyo linabaki wazi kwa hesabu ya kuzidisha na kutoa tu.

Je, nifiche na kundi la wanaume, au nizuie kabisa kuchuja kwa kituo na jinsia kwa pamoja? Na maoni ya maandishi, ambayo mtindo wake wa uandishi pekee humtambulisha mtu, niyaonyeshe kwa ngazi ipi?