Majaribio yenye udhibiti kwenye uhandisi wa programu: yabaki au yaondolewe?

Wadau, naomba tulijadili hili. Mtaala wetu wa uhandisi wa programu unapitiwa upya, na wenzangu wanapendekeza wiki nne za majaribio yenye udhibiti, yaani kulinganisha makundi yanayotofautiana kwa lile jambo moja tu linalopimwa, ziondolewe. Wanasema mwanafunzi amekuja kujifunza kutengeneza programu. Takwimu akazisome kwenye somo la takwimu. Mimi nasema zibaki, tena humu humu kwenye somo letu.

Fani hii ina madai mengi kuliko ushahidi. Mwaka 1968 Sackman, Erikson na Grant waliwapima waandishi 12 wa programu, wote wazoefu: je, ni afadhali mtu afanye kazi moja kwa moja kwenye kompyuta, au akabidhi kazi na kusubiri majibu? Swali lenyewe lilisahaulika. Kilichovuma ni kwamba katika kusaka hitilafu, wa mwisho alitumia muda mara 28 ya wa kwanza, na mpaka leo tunaambiwa hodari mmoja ni sawa na watu kumi. Lakini uwiano ule uliwaweka kapu moja watu waliofanya kazi kwa njia mbili tofauti! Mwanafunzi ambaye hajawahi kugawa makundi kwa mikono yake atausoma mstari huo bila kushtuka.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi programu niliyoipandikiza hitilafu. Kundi moja liikague kwa orodha ya maswali, jingine liisome hivi hivi. Nikawaacha wachague wenyewe pa kwenda. Orodha ikashinda kwa mbali. Binti mmoja akauliza kutoka nyuma: "Mwalimu, imeshinda orodha au wameshinda wale waliowahi kuajiriwa?" Nikatazama, kweli, wazoefu karibu wote walikuwa upande mmoja. Wiki iliyofuata tukaandika majina kwenye vikaratasi, tukavichanganya kwenye boksi, tukavuta, tukatumia programu nyingine. Pengo likapungua hata hatukuweza kusema si bahati tu. Hakuna mhadhara wangu uliowahi kufundisha kiasi kile.

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, kwa heshima zote, hapa siafiki. Jaribio la saa mbili kwa wanafunzi halisemi lolote kuhusu wahandisi wanaotunza mfumo miaka kumi. Halafu wewe ndiye mtoa alama. Nani atathubutu kukataa kushiriki?

Mleta mada: Hilo la alama umenishika, na nadhani ndilo zito zaidi. Kufanya zoezi kuwe sehemu ya somo, lakini matokeo ya mtu yasitumike nje ya darasa bila ridhaa yake. Na fomu za ridhaa zitunzwe na mtu asiyesahihisha, zifunguliwe alama zikishatoka. Alama zitolewe kwa ripoti, yaani namna alivyopanga na kuhoji jaribio, si kwa kupata jibu ninalolipenda.

Kuhusu wanafunzi, mwaka 1986 Knight na Leveson walichapisha jaribio la matoleo 27 ya programu moja, kila moja limeandikwa kivyake na wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani. Kila toleo lilipimwa mara milioni moja. Ilidhaniwa kwamba watu wakiandika bila kushirikiana, makosa yao hayatahusiana. Matoleo yakaonekana kukosea pamoja mara nyingi kuliko dhana hiyo ilivyoruhusu. Mifumo inayobeba uhai wa watu ilikuwa ikibuniwa kwa kutegemea wazo hilo, kwamba toleo moja likikosea mengine yataliokoa, na wanafunzi walitosha kulitikisa. Utunzaji wa miaka kumi, sawa, hauingii darasani.

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono yabaki. Ila darasa langu lina watu wanane tu. Wawili wakikataa, nalinganisha nini?

Mleta mada: Kila mmoja apite njia zote mbili, nusu waanze na hii, nusu na ile, na kila njia iwe na programu yake, kwa sababu hitilafu aliyokwisha kuiona haitamsumbua tena. Hata hivyo wanaweza kuingia raundi ya pili wakiwa wamenolewa na ya kwanza. Waulize wenyewe wangelitambuaje hilo, kisha wape wiki nzima walitafute.